Nguzo Mbili

Ukitaka kuchagua hamoki ya bustani, usianze na rangi wala bei. Anza na swali hili: utaifunga wapi? Hamoki haina miguu. Haisimami yenyewe kama kiti, haitandikwi chini kama mkeka. Inataka vitu viwili vilivyo imara, nafasi ya mita tatu hivi ama zaidi kati yao, na uhakika kwamba kesho utavikuta pale pale. Mti na mti. Mti na nguzo. Nguzo na ukuta wa mawe. Ukishakuwa na hivyo viwili, mengine yote ni ladha tu.

Haya nayajua kwa sababu nililipwa kuyajua. Mimi ni mwandishi wa vibarua. Nilitoka chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kabisa kupatikana, na tangu hapo naandika chochote kinachoingia kwa simu: namna ya kumpiga mbwa mswaki, bima ya boti, jinsi ya kuondoa majani kwenye bwawa la kuogelea. Kama nawe uko kwa hii kazi, unajua vile inaendanga. Mteja yuko Marekani ama Australia, jina lako halitatokea popote, na ni lazima uandike "bustani yako" na "wikendi yako" kama mtu ambaye hivyo vitu anavyo. Mwezi wa tatu ikaja ya hamoki. Maneno 1,500, siku mbili, dola 15. Hizo zikifika M-Pesa ni kama shilingi 1,900, yaani zaidi ya nusu ya kodi yetu ya nyumba. Nikasema sawa.

Kwetu ni Mashimoni, Kibera. Bustani ninayoiona kila siku ni gunia. Sifanyi mzaha. Baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007, bustani za magunia zilienea sana Kibera, na mpaka leo ziko. Unajaza gunia udongo, katikati unapanga mawe ili maji yashuke vizuri, halafu unatoboa matundu pande zote. Sukuma wiki inatokea kwenye matundu, mchicha unakaa juu. Jirani yetu ana magunia mawili mlangoni, na ukipita asubuhi lazima ugeuze bega ndio usikanyage mboga ya watu. Sasa jaribu kufunga hamoki kati ya hayo magunia mawili. Utakuwa umelala chini, na jirani atakuwa amekasirika.

Nilianza utafiti kama kawaida, kwa kusoma yale wengine wameandika. Yote yalifanana. Yote yalianza na picha ya mtu mwenye kofia usoni na glasi ya kinywaji mkononi. Usiku huo, mathe akiwa anakunja nguo, nikamwonyesha simu.

"Mathe, hii kitu umewahi kuiona?"

Akaangalia. "Hii? Hii si ndiyo naosha kila mwezi?"

Mathe ni mama fua. Siku tatu kwa wiki anavuka kwenda Kileleshwa, kwenye nyumba moja ambayo amefulia kwa miaka sita. Kumbe nyuma ya hiyo nyumba kuna hamoki nyeupe ya pamba, yenye matamvua pande zote mbili, imefungwa kati ya mparachichi na nguzo ya baraza. Anaifungua mvua ikitisha. Anaiosha kwa mkono, anaianika, anairudisha. Miaka sita. Mimi nikiwa na siku mbili za kujifanya mtaalamu, mtaalamu alikuwa hapo kitandani, anakunja soksi.

Kwa hivyo nikamhoji. Nitakupa alichonifunza, maana hutakipata kwenye zile kurasa zenye picha za kofia.

Cha kwanza, pamba hunywa maji. Hamoki ya pamba ikiwa kavu unaibeba kwapani kama gazeti. Ikiloa, inabebwa na watu wawili, na usipoianika siku hiyo hiyo inashika harufu. Ikiachwa nje wakati wa masika, inaota ukungu mweusi ambao hata jiki hautoi bila kula kitambaa.

Cha pili, usiangalie katikati, angalia miisho. Watu wakinunua wanabonyeza pale pa kulalia kuona kama ni laini. Lakini hamoki haikatikii hapo. Inakatikia pale kamba zinapokutana na pete, kwa sababu hapo ndipo kunasuguana, na jua linamalizia. Ile ya Kileleshwa ilikatika mara moja, na ni yeye aliyeona nyuzi zimeanza kunyauka wiki mbili kabla. Alisema. Hakuna aliyesikia.

Cha tatu, ile yenye mbao mbili, moja kichwani na nyingine miguuni, ni ya kupigia picha. Inatandazika vizuri kama kitanda, lakini uzito unakaa juu juu, ukigeuka kidogo inakumwaga. Ile isiyo na mbao inajikunja kama ganda la ndizi, na wewe uko ndani, huendi popote.

Cha nne, kamba nyembamba inaua mti. Mparachichi ule ulikatwa ganda na kamba ya nailoni mpaka ukatoa utomvu, ndio wakanunua mikanda mipana. "Mti nao unaumia," akasema, kama mtu anayeongea habari za jirani.

Nikaandika yote. Halafu nikauliza lile swali ambalo mteja alilitaka kabisa, la raha. "Na ukilala ndani yake inakuwaje?"

"Mimi nitajuaje?"

"Miaka sita, mathe?"

"Baba, mimi nilienda kufua. Sikuenda kulala."

Alisema bila uchungu wowote, akaendelea na soksi. Mimi ndiye nilibaki nimeshika simu.

Ile makala niliimaliza kwa wakati na nikalipwa. Lakini sikuweza kuacha kusoma. Nilianza kujiuliza hii kitu ilitoka wapi, na mbona ilipita mbali na sisi.

Ilitoka visiwa vya Karibiani na Amerika ya Kati na Kusini. Watu wa Taíno ndio waliokuwa na neno lenyewe, ambalo Wahispania waliandika hamaca. Columbus alipofika huko 1492 alikuta watu wakilala kwenye nyavu zilizofungwa nguzo kwa nguzo. Na hawakuwa wanapunga upepo wa likizo. Hicho ndicho kilikuwa kitanda. Ukilala hewani, unyevu wa ardhi haukupati, wadudu wanapata shida kukufikia, nyoka anapita zake chini. Mabaharia wa Ulaya waliona akili hiyo wakaiiba. Ndani ya meli, ambako kila futi ina kazi, hamoki zilifungwa usiku na kukunjwa asubuhi, na meli ikiyumba mtu alibaki ametulia.

Soma tena hiyo aya ukiwa Mashimoni. Ardhi yenye maji. Wadudu, panya. Nafasi ambayo kila futi ina kazi. Aprili 2024 mafuriko yalipopiga Nairobi, sisi tulipandisha godoro juu ya meza, na juu ya godoro tukapandisha unga na viatu vya shule vya mpwa wangu. Hamoki ilitengenezwa kwa ajili ya watu kama sisi. Ikaishia kwa watu wenye nyasi.

Ukienda dukani leo, utakutana na ukoo wake wote. Ya Kibrazil ni kitambaa kizito cha pamba, kama ile ya mathe. Ya Yucatán, huko Meksiko, ni wavu wa nyuzi nyembamba nyingi sana, ina hewa, inafaa joto. Ya Kimarekani ya kamba na mbao ilianzia South Carolina mwishoni mwa karne ya 19. Halafu kuna ya nailoni ya parachuti, ya wapanda milima, ambayo inaingia kwenye kifuko kidogo kama chungwa.

Hapo kwa Yucatán nilisimama. Zamani hamoki za huko zilisukwa kwa nyuzi za katani, na huko kuna bandari ndogo inayoitwa Sisal. Ndiyo, sisal hii hii unayoijua. Mwaka 1893 Mjerumani anayeitwa Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida kuipeleka Tanganyika. Ilipofika, iliyobaki hai ilikuwa 62. Kutoka kwa hiyo 62 yakatokea mashamba makubwa ya Tanga, na mkonge ukawa zao kubwa Afrika Mashariki, mpaka huku kwetu Kilifi. Kwa hivyo uzi wa hamoki ulifika. Tukausuka viondo, kamba za ng'ombe, magunia. Ila kulala juu yake hakukuja na ile meli. Mkonge uliletwa ili watu wafanye kazi.

Hata jina halikutulia. Ukisema hamoki Mashimoni, mtu atasikia hamaki na kukuuliza nani amekukosea. Watu wa Pwani wana susu, ule wavu unaoning'inizwa jikoni kuweka chakula mbali na paka na panya. Kamusi nayo inasema machela. Lakini machela ni kitu kingine vichwani mwetu. Huko Malawi na Msumbiji, enzi za ukoloni, mzungu alilala kwenye kitambaa kilichofungwa kwenye mti mrefu, na Waafrika wakaubeba ule mti mabegani kilomita kwa kilomita. Waliita machila. Hamoki ambayo nguzo zake mbili ni watu.

Na machela ya siku hizi ni ya mgonjwa. Mwaka jana usiku mmoja mzee wa mlango wa tatu alizidiwa. Gari haliingii kwetu, vichochoro ni vya bega moja. Tukamweka kwa blanketi, watu wanne, kila mmoja na kona yake, tukampeleka mbio mbio hadi barabarani. Mimi nilishika kona ya mguu wa kushoto. Nakumbuka vile blanketi lilikuwa linavuta vidole, na vile mzee, katikati ya maumivu yake, alikuwa anatuomba pole kwa uzito. Alirudi baada ya wiki moja akitembea mwenyewe. Hiyo ndiyo hamoki ambayo Mashimoni inaifahamu. Unalala ukiwa umeshindwa kusimama.

Nilimwambia mathe ninataka kumnunulia moja.

"Ya nini?"

"Ya kulala."

"Kwani hapa nalala wapi?"

"Ya kulala mchana, mathe. Kupumzika tu."

Akanitazama kama mtu aliyesikia bei ya nyanya. Halafu akauliza lile swali la kwanza, bila kusoma makala yangu. "Na utaifunga wapi?"

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na naomba univumilie kwa hesabu kidogo, kwa sababu hesabu ndiyo iliyonionyesha tunaishi wapi.

Chumba chetu ni futi kumi kwa kumi. Kona kwa kona ni kama futi kumi na nne, zaidi ya mita nne. Inatosha. Nafasi haikuwa shida. Shida ni kuta. Zetu ni za udongo juu ya fito, na nguzo zimechimbiwa futi moja na nusu hivi. Nguzo hizo zimezoea kubeba mabati, uzito unaoshuka chini. Hamoki haivuti chini, inavuta kwa upande. Na kadiri unavyoikaza ndivyo inavyovuta zaidi. Kamba zikishuka kwa pembe ya digrii 30, ambayo ndiyo inayopendekezwa, mtu wa kilo 68 anavuta kilo 68 kila upande. Ukiikaza mpaka pembe ibaki digrii 10, mtu huyo huyo anavuta karibu kilo 196 kila upande. Hajaongeza hata sahani moja ya ugali. Kamba imekazwa tu.

Mathe ana kilo 68. Nguzo yetu ya nyuma ukiiegemea, inaitika.

Na hata ingekuwa imara, si yetu. Ni ya mwenye nyumba. Na ardhi chini yake si ya mwenye nyumba pia, ukianza kuuliza maswali. Jina Kibra ni la Kinubi, maana yake msitu. Wanubi waliokuwa askari wa King's African Rifles walikalishwa hapa na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na walipokuta miti, wakapaita vile palivyokuwa. Ilichukua mpaka 2017 ndio serikali ikawapa hati ya ekari 288, zaidi ya miaka mia moja baadaye. Sisi wengine tuliokuja nyuma yao tuko juu ya nini, hilo linategemea nani anaongea na ni mwaka wa uchaguzi ama la.

Julai 2018 tulipata jibu moja. Tingatinga ziliingia asubuhi kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na Mashimoni ilikuwa njiani. Maelfu ya watu walibaki nje, shule zikaenda, kanisa likaenda. Nilikuwa bado mwanafunzi. Nilitazama nguzo ambazo watu walikuwa wamezifungia kamba za nguo, za stima, za mapazia, zikivutwa kama meno. Jioni watoto walikuwa wanaokota misumari. Leo barabara ni nzuri, siwezi kudanganya. Boda zinapita, na jioni kuna upepo. Ukisimama kando yake utaona anga pana kuliko popote Mashimoni. Hakuna mti hata mmoja wa kufungia kitu.

Kwa hivyo zile kurasa zinazosema chagua hamoki itakayodumu miaka kumi nje ya nyumba yako, zinamwambia mtu mwingine. Sisi swali letu ni tofauti. Ni hamoki gani unaweza kuifungua kwa dakika moja na kuondoka nayo? Hilo ndilo lilikuwa swali la mabaharia pia, na la Wataíno ukifikiria vizuri. Kitanda unachokikunja.

Jumamosi tukaenda Toi. Kama hujawahi, Toi ni soko la mitumba lililo pembeni mwa Kibera. Limewahi kuungua zaidi ya mara moja na likasimama tena kila mara. Kule kwa mabegi na mahema unapata chochote ambacho Ulaya imechoka nacho. Tulipata hamoki mbili. Moja ilikuwa ya kamba nyeupe na mbao mbili zilizopakwa vanishi, kama ya filamu. Mimi niliipenda, sitaficha. Nyingine ilikuwa nailoni ya kijani kibichi, imekunjwa ndani ya kifuko chake, na muuzaji mwenyewe hakuwa anajua ni nini.

"Mathe, hiyo ni neti ya mbu. Ya jeshi."

"Neti isiyo na matundu?" mathe akamuuliza.

"Ndio maana ni ya jeshi."

Mathe hakucheka. Aliitoa kwenye kifuko, akaishika miisho, akavuta. Akageuza ndani nje kuangalia mishono. Akaitemea mate kidogo kidoleni na kusugua kitambaa kuona kama kinanywa maji. Hakikunywa. Akaangalia mikanda kama ni mipana. Halafu akaishika ile nyeupe ya mbao kwa vidole viwili, akairudisha.

"Hii inamwaga mtu."

Muuzaji alianza na 1,200. Mathe alianza na 300. Mimi nilisogea kando kama mtoto, maana hapo ndipo watu wazima wanaongea. Waliishia 600 na kofia ya mtoto juu.

Jumapili baada ya ibada hatukwenda moja kwa moja nyumbani. Kuna kanisa moja huku juu, si letu, lina uwanja wa nyasi na jakaranda mbili nyuma ya choo cha wageni. Nilikuwa nimezipima kwa hatua wiki nzima. Hatua sita. Kuna mlinzi pale, mzee wa makamo, na nilikuwa nimeshaongea naye.

"Shikamoo mzee. Ndio mimi wa juzi."

"Marahaba. Wa ile neti?"

"Ya mathe. Nusu saa tu."

Akamwangalia mathe, ambaye alikuwa amesimama na nguo za kanisa, mkoba kiunoni, kama mtu anayesubiri kuambiwa aondoke. "Mama akae," mzee akasema. "Mimi niko hapa mpaka saa kumi na mbili."

Nikafunga mikanda, mipana, juu kidogo ya kichwa changu. Nikaiacha ilegee vizuri, digrii 30 kwa macho. Nikakaa mwenyewe kwanza kupima. Mti haukuitika. Nikamwambia mathe namna ya kuingia: anza na makalio katikati, halafu miguu, halafu lala mshazari, siyo nyoofu. Ukilala mshazari mgongo unanyooka. Hiyo nayo niliisoma, lakini mtaalamu alinikatiza.

"Najua. Nimewaona."

Akavua viatu. Akavipanga pamoja chini, vizuri, kama mlangoni kwa mtu. Akaingia mara ya kwanza bila kuyumba. Akashika kingo kwa mikono miwili kama mtu wa matatu inayokata kona, na alikaa hivyo kitambo, macho wazi, akitazama matawi. Sikusema kitu. Nilikaa kwenye nyasi na mkoba wake mapajani. Barabarani boda zilikuwa zinapiga honi. Mpwa wangu alikuwa amepata maua ya jakaranda yaliyoanguka, anayavisha vidoleni.

Baada ya kama dakika kumi, mkono mmoja ukaachia ukingo. Baadaye wa pili.

Alilala dakika arobaini. Najua kwa sababu nilikuwa na simu, na kwa sababu mzee wa getini alikuja mara mbili, na mara zote mbili akarudi kwa ncha za vidole. Mathe anakoroma kidogo. Nyumbani huwa simsikii, kwa maana nami huwa nimelala, ama redio ya jirani iko juu. Mikono yake ilikuwa kifuani, viganja juu, na vidole vimekunjamana kwenye ncha vile huwa baada ya maji ya sabuni, hata siku ambayo hajafua.

Tangu siku hiyo hamoki imefungwa mahali pengine pawili: kwa shangazi Kawangware, kati ya lango la chuma na ukuta wa mawe, na ushago wakati wa mazishi ya babu, kwenye miembe, ambako kila mtoto wa ukoo alitaka zamu na mathe ndiye aliyekuwa anapanga foleni. Ikirudi nyumbani inakaa juu ya kabati, ndani ya kifuko chake, kando ya vitambulisho na cheti changu cha kidato cha nne. Hivyo ndivyo vitu ambavyo tingatinga zikija tunatoka navyo.

Pale kanisani alipoamka hakujua alipo. Alitafuta viatu kwa mguu, hewani, akicheka kidogo. Halafu akaniuliza ni saa ngapi, nikamwambia, na akasema hajawahi kulala mchana Jumapili tangu mimi nizaliwe. Nikaanza kufungua mkanda wa kwanza.

"Wacha," akasema. "Mzee alisema saa kumi na mbili."